Saa za Mchana na Miezi ya Likizo: Watoto Wetu Wasome na Nani?



Kengele ya shule hulia mapema. King'ora cha kiwanda hulia baadaye. Kati ya milio hiyo miwili zipo saa tatu au nne ambazo mtoto wa mfanyakazi hana mwalimu wala mzazi. Katika mashamba ya chai na ya miwa saa hizo zina kazi yake: mtoto huingia mstarini kumsaidia mama kujaza kikapu ili kilo zitimie, au hubaki kambini akimlea mdogo wake. Likizo ikifika, saa zinakuwa majuma, na majuma yanakuwa miezi. Kwa mtoto wa meneja huo ni wakati wa mwalimu wa ziada na vitabu vipya. Kwa wetu ni wakati wa kusahau.

Somo la safari hii linahusu saa hizo. Twataka kujifunza jinsi masomo ya mchana na ya likizo yanavyoanzishwa, nani huyafundisha, na nani huyashikilia yasianguke baada ya mwezi mmoja. Tutachukua mfano mmoja wa kweli na kuufuata njia ndefu: tutaanza katika mashamba ya pamba ya Mississippi, Marekani, mwaka 1964, tutapita Same, nchini Tanzania, kisha tutarudi Marekani mpaka miaka yetu hii. Tunawaomba makatibu wa matawi wausome kwa sauti mkutanoni, maana si kila mwanachama ana miwani, wala si kila mwanachama alipewa nafasi ya kukaa darasani.

PAMBA NA KALENDA YA SHULE

Mississippi ni jimbo la kusini mwa Marekani. Upande wake wa magharibi, kando ya mto wenye jina hilohilo, kuna nchi tambarare yenye rutuba iitwayo Delta. Watu Weusi wa huko, wajukuu na vitukuu vya watumwa, wengi wao walilima kwa kugawana mavuno: ardhi ya bwana shamba, jasho lao. Mbegu, unga na nguo walikopeshwa katika duka la shamba, na mwisho wa mwaka bwana shamba ndiye aliyepiga hesabu. Mara nyingi familia iliambiwa kwamba imelima mwaka mzima na bado inadaiwa. Asiyejua hesabu hakuwa na la kujibu. Aliyezijua alijua pia kwamba kumbishia bwana ni kutupiwa vyombo nje siku hiyohiyo.

Shule nazo zilikwenda na pamba. Sehemu nyingi za Delta shule za watoto Weusi zilifungwa wakati wa kuchuma ili watoto waingie shambani, kisha zikafunguliwa katika joto kali la Julai na Agosti kufidia siku zilizopotea. Watoto wa Kizungu walikuwa na kalenda yao. Fedha zilizotumika kwa mtoto mmoja wa Kizungu zilikuwa kwa wastani karibu mara nne ya zile za mtoto Mweusi. Msomaji wetu anayeishi katika kambi ya shamba hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1963 kijana mmoja, Charles Cobb, aliyekuwa ameacha masomo ya chuo kikuu ili afanye kazi Mississippi na chama cha wanafunzi cha kupigania haki (kwa kifupi SNCC), aliandika pendekezo fupi. Alisema kwamba shule za Mississippi zinamfundisha mtoto Mweusi kunyamaza. Basi kiangazi kinachokuja, wakati wanafunzi wa vyuo wako likizo, zifunguliwe shule nyingine ambamo mtoto ataruhusiwa kuuliza. Zikaitwa Shule za Uhuru. Wengine watapenda kujua kwamba neno hilo letu wenyewe, uhuru, lilikuwa midomoni mwa vijana hao siku zilezile, kwa kuwa Desemba 1963 baadhi yao walikutana mjini Atlanta na Oginga Odinga, waziri wa Kenya iliyokuwa imejitawala karibuni tu, na wakatoka hapo na wimbo juu yake.

KWANZA WATU, HALAFU DARASA

Tuangalie sasa jinsi walivyotayarisha, kwa sababu hapa ndipo matawi yetu mengi hukosea. Mara nyingi sisi huanza na jengo. Twachangisha mabati, twamwita mkubwa aje kuweka jiwe la msingi, halafu jengo lakaa tupu kwa kuwa hakuna aliyefunzwa kuingia ndani na kufundisha.

Wao walianza na watu. Machi 1964 walimu na wapigania haki walikutana New York kuandika mtaala. Mwezi Juni wajitoleaji, wengi wao vijana wa Kizungu wa vyuo ambao hawakuwahi kuona shamba la pamba, wakakusanywa katika chuo kimoja huko Oxford, jimbo la Ohio, wapewe mafunzo. Hawakufundishwa ualimu wa ubaoni peke yake. Walifundishwa kukaa nyumbani kwa watu maskini bila kujifanya wakubwa, kuuliza swali na kungoja jibu, na hata kukinga kichwa ukipigwa. Mtaala wenyewe ulijaa maswali: sisi tuna nini tunachotaka kukihifadhi? Wao wana nini tunachokitaka? Wana nini tusichokitaka? Kusoma, kuandika na hesabu vilifuata hapohapo.

Na chama cha wafanyakazi kilikuwamo. Walimu kadhaa wa chama cha walimu cha jiji la New York, United Federation of Teachers, walitoa likizo yao kwenda Mississippi kufundisha. Mwaka uliotangulia, 1963, wanachama wa chama hichohicho walikuwa wamekwenda wilaya ya Prince Edward, jimbo la Virginia, ambako wakubwa wa wilaya walifunga shule zote za umma tangu 1959 ili watoto Weusi na Wazungu wasisome pamoja. Likizo ni haki ambayo wafanyakazi waliipigania kwa miaka mingi. Walimu hao waliitumia kuwafundisha watoto waliofungiwa mlango.

Walijua hatari. Huko Longdale, wilaya ya Neshoba, kanisa moja lilikubali Shule ya Uhuru ifanyike ndani yake. Juni 16 wabaguzi waliwapiga waumini na kulichoma moto. Tarehe 21 vijana watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walikwenda kuyaangalia majivu yake, wakakamatwa na polisi, wakaachiliwa usiku, wakauawa. Habari za kupotea kwao zilifika Ohio wakati kundi la walimu liko mafunzoni. Waliambiwa wazi kwamba anayetaka kurudi nyumbani arudi, hatalaumiwa. Karibu wote walikwenda mbele.

Shule zikafunguliwa mwezi Julai. Waliotazamiwa walikuwa wanafunzi 1,000. Walikuja zaidi ya 2,000, katika shule kama 40 hivi, vijana na watoto wadogo, na jioni wazee waliotaka kujua kuandika majina yao. Walimu hawa walilala wapi? Walikula nini? Swali hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Walilala katika nyumba za watu wenyewe, za wafua nguo, wapishi na wakulima, ambao walijua kwamba kumpa mwalimu huyo kitanda ni kuhatarisha kazi, na pengine nyumba. Fedha za makanisa na za marafiki wa kaskazini zilisaidia. Lakini pasipo kile kitanda na ile sahani, shule isingekaa hata siku tatu.

Mji wa McComb watoa mfano mzuri. Huko mabomu yalikuwa yamelipuka, na hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kutoa nafasi. Masomo yakafanyika uwanjani, juani. Msichana wa miaka 16 akatunga shairi akiwauliza wakubwa wake kwa nini wao waogope kutoa chumba hali watoto hawaogopi kuja. Shairi lilisomwa, watu wazima wakaona haya, nafasi ikapatikana. Tunalitaja kwa sababu katika matawi yetu tumezoea kudhani kwamba wakubwa ndio wanaowatia watoto moyo.

Agosti 8 wajumbe kutoka shule hizo walikutana mjini Meridian, wakafanya mkutano mkuu wao wenyewe na kupitisha maazimio juu ya shule, nyumba, matibabu na kazi. Wajumbe walikuwa vijana. Mwaka uliofuata, 1965, katika mji wa Shaw, Delta, wapaliliaji na madereva wa matrekta waliunda chama cha wafanyakazi wa pamba na kugoma. Walikuwa wakilipwa kama dola 3 kwa siku ya saa 10. Walidai dola 1.25 kwa saa. Mgomo haukushinda: familia zilifukuzwa mashambani, na mashine za kuchumia na dawa za magugu zilikuwa zimekwisha anza kuchukua nafasi ya mikono. Hata hivyo tunaona si bahati tu kwamba mahali watu walipofundishwa kuuliza, haukupita mwaka wakauliza juu ya mshahara.

MWALIMU WA SAME

Aliyeongoza harakati zile za Mississippi alikuwa Robert Moses, ambaye wenzake walimwita Bob, mzaliwa wa Harlem, New York, mwaka 1935. Kazi yake ilikuwa ualimu wa hesabu. Mississippi alipigwa na kufungwa kwa kuwasindikiza wakulima kwenda kujiandikisha kupiga kura. Alipoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam aliondoka akaenda Canada, na mwaka 1969 yeye na mkewe Janet wakahamia Tanzania. Walikaa Same, mji mdogo ulio kwenye reli ya Tanga na Moshi, chini ya milima ya Upare. Alifundisha hesabu katika shule ya sekondari mpaka mwaka 1976. Binti yao mkubwa walimwita Maisha.

Waliporudi Marekani, Maisha alifika darasa la 8 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, na shule yake haikufundisha aljebra katika darasa hilo. Aljebra ni zile hesabu ambamo herufi husimama mahali pa namba tusiyoijua. Huko Marekani ndiyo mlango: asiyeipata mapema hawezi kufuata hesabu za sekondari za juu, na bila hizo masomo mengi ya chuo na kazi za ufundi wa juu humpita. Watoto wa maskini na Weusi ndio waliokuwa wakiwekwa kando, wakaambiwa wao watoshewe na kujumlisha na kutoa. Mwaka 1982 Moses akaanza kumfundisha bintiye na wenzake wachache darasani. Kutoka hapo ukazaliwa mpango ulioitwa Algebra Project, ambao baadaye ulirudi hata Mississippi kwenyewe, ambako Moses alifundisha kwa miaka mingi. Alifariki Julai 2021.

Alisema kwamba hesabu kwa kizazi hiki ni kama kura kwa wakulima wa 1964. Asiyezijua atatawaliwa na anayezijua. Mfanyakazi wa shambani anaweza kulipima neno hilo mbele ya mizani.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya hatua tano, nasi tungependa wanachama waielewe vizuri kwa sababu mtu yeyote mwenye subira anaweza kuishika. Kwanza wanafunzi hufanya jambo kwa miili yao: huko Boston walipanda gari-moshi la mjini, wakatazama vituo. Pili huchora walichokiona. Tatu hukieleza kwa maneno yao wenyewe, ya nyumbani, bila kusahihishwa. Nne, mwalimu na wanafunzi huyapanga maneno hayo yawe safi: tulianzia wapi, tulikwenda upande gani, tulipita vituo vingapi. Tano ndipo zinakuja alama za hesabu. Kituo cha kuanzia kinakuwa sifuri, upande mmoja unakuwa namba za kujumlisha na upande mwingine namba za kutoa. Shule nyingi huanza na hatua ya tano na kumalizia hapohapo, halafu husema mtoto ni mzito.

Tuijaribu kambini kwetu. Watoto wa miaka 12 wabebe kikapu wakipime kitupu, kisha wakipime kimejaa majani. Wachore mizani na mshale wake. Waeleze kwa maneno yao: “Karani amekata kilo za kikapu.” Wapange maneno: uzito wote, ukitoa uzito wa kikapu, unabaki uzito wa majani. Ndipo waandike: m = w – k. Sasa, tuseme kwa mfano mizani yasoma kilo 23, na kikapu walichokipima wenyewe ni kilo 2. Majani ni kilo 21. Ikiwa kipande cha mama kimeandikwa kilo 18, kilo 3 zimekwenda wapi? Zimekatwa kwa maji ya umande? Zimekatwa kwa makosa? Kwa siku 26 za mwezi, kilo 3 zinakuwa 78. Mtoto aliyefika hapo amejifunza aljebra, na mama yake amepata swali la kumpelekea mwakilishi wa wafanyakazi Jumatatu. (Tunashauri swali lipelekwe na mwakilishi, si na mtoto.)

WAKUBWA WAWAFUNDISHE WADOGO

Mwaka 1996 vijana waliopitia mpango huo wa aljebra, wakiwamo watoto wa Moses, waliunda chama chao na kukiita Young People's Project. Kazi yake ndiyo hasa kiini cha somo letu. Wanafunzi wa sekondari hupewa mafunzo, kisha huwafundisha watoto wa shule za msingi hesabu baada ya saa za shule na wakati wa kiangazi. Wanafunzi wa chuo huwasimamia wale wa sekondari. Na kazi hiyo hulipwa posho, jambo ambalo twalisisitiza. Kijana wa familia maskini akiambiwa afundishe bure siku zote, ataacha siku ya kwanza atakapopata kibarua, na hakuna haki ya kumlaumu.

Moja ya michezo yao, ambao Moses aliubuni, huitwa Flagway. Hauhitaji fedha. Tunaueleza hapa ili mtu aweze kuuanza kesho. Chora ardhini njia tatu zinazotoka mahali pamoja, kila moja na rangi yake. Chokaa, mkaa na udongo mwekundu vyatosha. Mtoto hupewa namba, tuseme 30. Kazi yake ni kuivunja iwe namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5, 7. Namba 30 ni 2 mara 3 mara 5: zote ni tofauti na idadi yake ni tatu, yaani witiri. Akimbilie njia ya kwanza. Namba 6 ni 2 mara 3: zote ni tofauti na idadi yake ni mbili, yaani shufwa. Njia ya pili. Namba 12 ni 2 mara 2 mara 3: hapa 2 imejirudia. Njia ya tatu, bila kujali idadi. Timu mbili hushindana, na anayekimbilia njia isiyo yake hurudi mwanzo. Ndani ya juma moja utasikia watoto wa darasa la 5 wakibishana juu ya 42 njiani kwenda kisimani.

Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba kijana wa miaka 16 anayeuendesha mchezo huu hana budi kuzijua namba hizo kuliko wote, maana wadogo hawana huruma. Kufundisha ndiko kunakomfunza. Kwa hiyo tawi linalotafuta mwalimu wa jioni lisitafute mbali. Waangalieni wale waliomaliza shule wakakosa nafasi ya kuendelea, ambao leo wanazurura karibu na duka la shamba. Wapewe juma la mafunzo na mwalimu wa shule ya karibu, wafundishe mbele ya wenzao kwanza na kusahihishwa, halafu ndipo wakabidhiwe watoto 15 au 20. Wasipewe 60.

KUSHIKILIA MASOMO YASIANGUKE

Utafiti juu ya likizo si mchache. Huko Marekani, ambako likizo ya kiangazi huchukua majuma kama 10, uchunguzi uliotolewa mwaka 1996 kwa kukusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba kwa wastani watoto hurudi wamepoteza kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na hasa hesabu. Mwaka 2013 miji mitano, Boston na Dallas ikiwamo, ilianza kufuatwa kwa makini ili kuona masomo ya kiangazi yana faida gani. Jibu lilikuwa la kawaida kama ugali: waliohudhuria siku 20 au zaidi walifaidika, hasa katika hesabu, waliokuja leo na kukosa kesho hawakupata kitu cha kuonyesha. Mahudhurio basi ndiyo kila kitu. Na mahudhurio hayaletwi na mwalimu mzuri peke yake. Huletwa na uji, na mtu wa kumwangalia mtoto mdogo ambaye dada yake amekuja kusoma, na mzazi asiyemwita mtoto mstarini siku ya mavuno mengi.

Hapa twende taratibu, maana linatugusa. Mama anayemwita mtoto shambani hamwiti kwa ukatili. Kiwango cha kilo kimewekwa juu kuliko mikono yake miwili. Kamati ya masomo ikimkaripia, atanyamaza na mtoto hatamleta. Dawa iko kwenye meza ya majadiliano: kiwango kinachoweza kutimizwa na mtu mmoja mzima. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 138 wa mwaka 1973 unataka umri wa kuanza kazi usiwe chini ya ule wa kumaliza shule ya lazima, wala, kwa kawaida, chini ya miaka 15, ingawa nchi ambayo uchumi na shule zake havijaendelea vya kutosha yaweza kuanza na 14. Mwakilishi anayedai kiwango cha haki na kamati inayofungua darasa la likizo wanafanya kazi moja.

Kuhusu fedha, Marekani yatupa onyo. Serikali yake kuu hutoa zaidi ya dola bilioni 1.3 kwa mwaka kwa masomo ya baada ya shule na ya kiangazi. Ni fedha nyingi, na bado hazitoshi: uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa kila mtoto aliyepata nafasi, watatu waliitaka na kuikosa. Kisha Julai 2025 serikali ilizizuia fedha hizo kwa majuma kadhaa, watoto wengine wakiwa tayari darasani. Wazazi, walimu na vyama vyao walipiga kelele, hata wabunge wa chama tawala wakaandika barua, zikaachiliwa. Wenye darasa lililotegemea mfuko mmoja walikuwa mashakani. Waliokuwa na mifuko mitatu, na wazazi wanaojuana kwa majina, walisubiri bila kufunga mlango.

Kwa hiyo tunapendekeza tawi lisitegemee mkono mmoja. Ukumbi uombwe kwa mwajiri, kwa maandishi, na uingie katika mkataba wa hali bora ili meneja mpya asiweze kuufunga kwa ufunguo wake. Taa na chaki zitoke katika mfuko wa tawi, hata kama ni kidogo, kwa sababu kitu ulichokilipia hukiulizia. Uji utoke kwa wazazi kwa zamu. Posho ya vijana iombwe serikali ya mtaa, na jibu la kwanza likiwa “hapana” ombi lirudiwe. Tuwe macho pia na zawadi. Tumeona mahali ambapo mwajiri alijenga chumba cha watoto, akapiga picha, kisha akasema kwa kuwa watoto wana mahali pa kukaa sasa, zamu yaweza kuongezwa saa mbili. Darasa la jioni ni la mtoto. Halikuwekwa ili mzazi akae kiwandani zaidi, wala halifuti wajibu wa serikali kuleta walimu wa kutosha asubuhi.

Na wasichana waangaliwe kwa jicho lao. Ukipanga darasa saa ya kuteka maji, umewapangia wavulana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

Katika kambi au mtaa wenu, shule hutoka saa ngapi na zamu hutoka saa ngapi? Hesabuni saa zilizo katikati, muulize watoto wenyewe wanafanya nini katika saa hizo, na mwandike majibu yao kama walivyoyasema.

Watajeni vijana watano waliomaliza shule na hawana kazi. Nani kati ya wanachama atakwenda kuzungumza nao, na mwalimu gani wa shule ya karibu aweza kuwapa juma la mafunzo kabla ya likizo ijayo?

Mizani ya shamba au kadi ya saa ya kiwanda: je, wanachama wangapi katika mkutano huu wanaweza kukagua hesabu yake bila kumwuliza karani?

Ikiwa wajumbe wa watoto wangeruhusiwa kuja katika mkutano huu kama walivyokutana wale wa Meridian, mngewapa dakika ngapi, na nani angeandika maazimio yao?

Daftari la mahudhurio litunzwe na nani, na litasomwa mbele ya tawi kila baada ya majuma mangapi?